Mfupa Mmoja wa Kuinamia

Robota la mitumba likifunguliwa sokoni Jinja, hakuna salamu. Mwenye mali anakata mikanda, gunia linatema nguo, nasi wauzaji wa rejareja tunainama kwa mpigo mmoja kama watu waliosikia risasi. Anayeinama wa kwanza anapata magauni yasiyo na doa. Anayeinama wa pili anapata yale ambayo wa kwanza ameyakataa. Kwa miaka mingi wa kwanza nilikuwa mimi. Mgongo wangu ulikuwa tayari umepinda nusu ya njia, kwa hiyo safari yangu ya kwenda chini ilikuwa fupi kuliko ya wenzangu.

"Huyu Mungu alimtanguliza," jirani yangu wa meza alizoea kulalamika. "Sisi tunaanza wima, yeye anaanza njiani."

Mgongo ulianza kupinda nikiwa msichana wa darasa la sita. Haukwenda mbele kama wa kikongwe. Ulikwenda ubavuni, kama kamba ya kuanikia nguo iliyotundikwa blanketi bichi upande mmoja. Bega la kulia likapanda, nyonga ya kushoto ikatokeza. Nikajifunza kushona mapema. Kila gauni langu lilifumuliwa huku na kubanwa kule, hata nikisimama nyuma ya meza mteja haoni ila mwanamke aliyeinamisha kichwa kidogo, kama anayetega sikio. Ilinisaidia. Watu walidhani nawasikiliza.

Nilifikiri kilichopinda utotoni kikikomaa kinakauka hivyo hivyo, kama mti. Mimi sikukauka. Nilipopita miaka arobaini mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi nikisimama, na pumzi ikawa inaniishia nikipanda ngazi chache tu za benki. Usiku nililala kwa ubavu mmoja. Ubavu wa pili ulikuwa umefungwa, kama duka la mtu aliyehama. Mbavu zilikuwa zinasogea ndani, na aliyekaa ndani yake ni mimi, sina pa kuhamia.

Daktari wa mgongo nilimpata Mbale, katika hospitali ambayo yeye na timu yake walifika kwa vipindi. Alikuwa amesomea Kenya akarudi na Kiswahili cha huko, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani wa kutuharibia mazungumzo. Akatundika picha zangu mbili za eksirei ubaoni, ya zamani na mpya, taa ikawaka nyuma yake. Nikahesabu pingili za mgongo, kutoka shingo ilipoishia mpaka kiunoni. Kumi na saba. Nikarudia nikianzia chini. Kumi na saba. Angalau zote zilikuwepo.

"Nitaweka skrubu na vyuma viwili," alisema. "Nitaunyoosha kiasi unavyokubali, kisha nitaufunga, pingili zishikane ziwe kama mfupa mmoja."

"Kuanzia wapi mpaka wapi?"

Kidole chake kikaanzia chini ya mabega, kikashuka, kikashuka, kikasimama kwenye nyonga.

"Na kuinama?"

"Utainama kwa nyonga na kwa magoti. Kiuno chenyewe hakitakunja tena."

Sokoni kuna kanuni mbili. Bei ya kwanza haikubaliwi hata ikiwa nzuri. Ya pili: mkishindwana, unaondoka, na muuzaji anakuita kabla hujapita meza ya tatu. Nikasimama. Nikachukua mkoba. Nikaenda mpaka mlangoni, nikashika kitasa, nikangoja. Daktari alikuwa anaosha mikono.

Nikarudi nikakaa. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kurudi bila kuitwa.

"Mimi sikushurutishi," akasema bila kugeuka. "Ila huo mgongo haukungojei uamue."

Akanipa tarehe ya safari yao iliyofuata. Nikasema nitafikiri. Na kwa kuwa mtu wa kwetu hafikirii jambo la kisu peke yake, nikampigia mama simu.

Sisi ni Wanubi wa Mbale. Nyumba ya mama ipo mtaa wa Nabuyonga. Kwetu, anayekwenda hija na anayekwenda kupasuliwa ni kitu kimoja: anazunguka kwanza kuomba radhi kwa ndugu na majirani, ili asiondoke na kinyongo cha mtu mgongoni. Mimi mgongoni sikuwa na nafasi hata ya kinyongo. Nikamwambia mama, "Jumamosi nakuja kuomba radhi." Hilo tu. Sikutaja ugonjwa wala daktari. Nilitaka tuongee ana kwa ana.

Mama akamwambia shangazi yangu. Shangazi hakumwambia mtu, ila kila mtu.

Jumamosi nilishuka mjini Mbale, nikachukua boda. Nilipomtajia mwendeshaji mtaa na nyumba, akapunguza sauti. "Pole, mama. Unaenda kwenye msiba?"

"Msiba gani? Kafa nani?"

"Nasikia mwanamke mmoja wa Jinja. Bado, lakini yuko karibu."

"Nipeleke," nikamwambia. "Nikamwone kabla hajaondoka."

Turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Viti vya plastiki vimepangwa safu, wanaume mbele na wanawake upande wa jikoni, sufuria kubwa ya mchele ipo motoni. Niliposhuka kwenye boda kwa miguu yangu mwenyewe, uwanja mzima uligeuka, nami nikaona katika nyuso chache kitu kinachofanana na kuvunjika moyo.

Shangazi alinishika mashavu. "Mbona umenawiri hivi?"

"Nirudi Jinja nikakonde?"

"Usinifanyie mzaha, binti. Mtu mzima haombi radhi bure bure. Mtu mzima akiomba radhi kwa simu, tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua," akasema, akaenda kugeuza mchele.

Nikawaeleza wote, nimesimama, kwa kuwa kukaa kulikuwa kunaniuma: ni upasuaji wa mgongo, hatari ipo lakini watu wanapona. Walisikiliza kwa heshima ambayo mtu hupewa akiwa hana muda mrefu. Kisha wakaanza kunisamehe. Walinisamehe kwa zamu. Mjomba alinisamehe kwa maneno niliyomwambia kwenye harusi. Jirani mmoja alinisamehe sinia lake, ambalo sijawahi kuliazima. Nikapokea, kwa sababu msamaha wa ziada haujawahi kumdhuru mtu. Afande wa magereza, Mkristo kutoka kaskazini anayepanga nyumba ya nyuma, alisimama na kofia mkononi.

"Mimi sina neno na wewe, dada," akasema. "Lakini nasikia hospitali inataka ndugu atoe damu. Damu yangu iko mingi. Iko tu, haina kazi."

"Afande, nikiamka napiga saluti?"

"Utapiga. Na utaamka mapema sana."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza, na wali ukapakuliwa.

Shehe wa mtaa alinisomea dua. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikaa kooni tangu kidole cha daktari kiteremke kwenye ile picha: nikishindwa kusujudu? Akasema hilo dogo, dini haina ugumu, mwenye udhuru anasali kitini. Nilijua jibu hilo. Msikitini kwetu kipo hata kiti chenyewe, pembeni, karibu na feni. Sheria imeniruhusu, mimi ndiye nilikuwa sijajiruhusu. Kuweka paji la uso chini ni mahali pekee ambapo mabega yangu mawili yanalingana, maana hapo hakuna anayepima.

Watu walipotawanyika na viti kubebwa, nilimwambia mama ukweli. "Bado sijaamua."

Alikuwa anakunja mkeka. Aliacha. "Hujaamua nini?"

"Kupasuliwa. Nimekuja kuomba radhi kwanza, kuamua baadaye."

"Umeshasamehewa, umeshaombewa, wali wako umeshaliwa," akasema. "Afande wa watu amekwishakubali kutoa damu. Sasa tuwaambie nini? Warudishe?"

"Waambie nimeahirisha."

"Radhi haiahirishwi. Utaonekana umechukua ya watu kwa ujanja." Akamalizia kukunja mkeka. "Na mimi nakusikia unavyopumua ukivua viatu."

Hapo ndipo nilipojua nimenasa. Ubavu mmoja mbavu zinanisogelea, ubavu wa pili mtaa mzima umenisamehe. Mimi ninayejua kuondoka kwenye meza ya mtu yeyote nilikuwa nimejengewa ukuta kwa wema. Kilichobaki cha kupatania kilikuwa kimoja: kidole cha daktari kingesimama wapi.

Nilirudi Jinja nikafanye mazoezi ya kutoinama. Lilikuwa wazo la muuguzi mmoja pale hospitalini: jifunze mapema, usije ukajifunza ukiwa na kidonda. Jirani yangu wa meza alinifunga ubao mwembamba mgongoni, ule wa fundi cherehani wa kupimia vitambaa, akaukaza kwa leso mbili juu ya gauni.

"Unaonekana askari wa gwaride," akasema, akazunguka kuniangalia. "Gwaride la upande mmoja."

Nilikaa nao siku kadhaa. Nguo za juu nilizishusha kwa ule upondo wetu wenye ndoano, hilo halikunishinda. Kilichoanguka chini ndicho kilichonifunza adabu. Kifungo. Hanga. Chenji ya mteja, na mteja mwenyewe amesimama anatazama kama nitaiokota au nitaisamehe. Nikajifunza kurudisha mguu mmoja nyuma na kushuka kwa goti, polepole, kama mtu anayeposa. Kitandani nikajifunza kugeuka mzima mzima, mabega na nyonga kwa pamoja, kama gogo. Nikapuliza glovu za mpira zikavimba kama maputo mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani. Ni mapafu hayo, yalitakiwa yapanuke kabla hayajaingia kwenye nusukaputi. Vidonge vya maumivu nilivyozoea nilikatazwa, kwa sababu vinafanya damu iwe nyepesi, kwa hiyo maumivu yakawa yanakuja na jina lake kamili.

Kisha robota likafunguliwa. Nilikuwa nimesimama mahali pangu pa siku zote, mstari wa mbele. Mikanda ikakatwa, wenzangu wakaenda chini, nami nikabaki juu peke yangu na ubao wangu, natazama migongo. Sijawahi kuiona ile migongo. Siku zote nilikuwa chini yake. Nilipofanikiwa kufika kwenye goti, palikuwa pamebaki suruali za watoto na koti moja la baridi ambalo hata huko lilikotoka nadhani lilikataliwa.

Jirani alinitupia magauni mawili kutoka fungu lake. Nilimwambia sitaki sadaka. Akasema si sadaka, ni ya kuniziba mdomo. Nikafungua ubao mapema siku hiyo.

Mbale nilirudi wiki moja kabla ya tarehe, kuandaa kwa mama, kwa kuwa ndiko nitakakougulia. Kitanda tulikiinua kwa matofali. Choo cha mama ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Kwa hiyo tukaenda kwa seremala mmoja upande wa viwandani, nikamwagiza kiti cha mbao, imara, chenye tundu katikati. Tulipokwenda kukichukua akanitajia bei ya juu kuliko ya viti vyake vya kawaida.

"Kwa nini hiki kimezidi?"

"Hii iko na tundu, mama. Tundu ni kazi."

"Tundu ni mbao uliyoitoa. Umenipunguzia kiti, unapandisha bei?"

Akafikiri. "Mbao nilitoa, kweli. Lakini niliizungusha vizuri, haitakuchoma."

"Na hiyo mbao ya duara iko wapi? Kama nanunua kiti kizima nipe na hiyo."

Aliileta. Mama aliomba ardhi immeze. Bei ikashuka, nikaondoka na kiti kwenye mkokoteni wa kijana mmoja na ile mbao ya duara mkononi, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nione zile picha. Ilidumu mpaka geti la mama.

Siku mbili kabla ya upasuaji, nilikutana na daktari tena. Safari hii walinipiga picha nimelala, wakanivuta nipinde kulia kabisa, kisha kushoto kabisa, waone ni pingili zipi bado zinatii. Mama aliingia nami. Daktari alipotundika picha mpya nikasogeza kiti karibu.

"Daktari, unataka kufunga kumi na nne, uziunge na nyonga."

"Umehesabu?"

"Mara mbili. Niachie mbili za chini."

Alinitazama. Nadhani wagonjwa wengi humuuliza kama wataumia. "Mbili za kazi gani?"

Nikamwambia. Nikamweleza robota, nikamweleza kifungo kilichoanguka, nikamweleza sijida. Choo nilikiacha, kile nilikuwa nimeshakikatia bei.

"Mbili siwezi," akasema. "Ya nne ya kiuno imeshazunguka, nikiiacha kazi yote ni bure. Lakini hii ya mwisho..." Akaisogelea picha. "Ulipopinda, ilikaa sawa. Hii labda."

"Niachie hiyo."

"Sikiliza bei yake kwanza. Ikibaki huru, hiyo moja itabeba kazi ya wenzake wote waliofungwa. Inaweza kuchoka. Ikichoka, unarudi hapa, nakufungua upya."

"Baada ya muda gani?"

"Sijui."

"Kadiria tu, hata kwa makosa."

"Sikadirii mgongo wa mtu."

Mama akaingilia. "Daktari mwanangu, funga yote. Huyu anapenda kupatana hata na mvua. Mtu hanunui nguo anayojua itarudi kwa fundi."

"Mama, mimi nguo zote ninazouza zimeshawahi kurudi kwa fundi."

"Na zinapasuka!"

"Na zinavaliwa."

Daktari aliinua mkono, akasema atatupa neno lake la mwisho, na kwa sauti yake nikajua kweli ni la mwisho. Ataamua akiwa ndani. Akifika kwenye ile ya tano akaikuta imara, ataiacha. Akiikuta inalegea, ataifunga na kuiunga na nyonga, na hataniamsha kuniuliza. Mimi nitie sahihi kwa yote mawili.

Sijawahi kununua kitu ambacho muuzaji mwenyewe hajui kama kimo ndani ya mfuko. Niliangalia mlango. Ulikuwa wazi, pazia linapeperuka, nje afande wa magereza amekaa kwenye benchi na plasta kwenye mkono baada ya kutolewa damu, anakunywa soda yake kwa adabu. Nikaangalia kiti nilichokalia: nyonga moja ndani, moja nje, na pumzi yangu inasikika chumba kizima. Nikatia sahihi.

Mchana wa kabla ya upasuaji daktari alipita wodini na kalamu nene. Alinisimamisha kando ya kitanda, mgongo wazi, akanichora. Wino ulikuwa baridi. Nilihesabu kila alipogusa, lakini mgongo ni mahali pa ajabu pa kuhesabia, mtu anagusa huku unasikia kule. Alipoondoka sikuwa na hakika.

"Mama. Amechora mpaka wapi?"

Alikuja nyuma yangu. Nilisikia anavaa miwani. "Kuna mistari mifupi mifupi. Inashuka. Hapa bega, hapa, hapa..." Kidole chake kikashuka kama cha daktari. "Imefika kiunoni ikakoma."

"Ikakoma kabisa?"

Akairekebisha miwani.

"Mama."

"Chini yake kuna moja ya nukta nukta. Na alama ya kuuliza pembeni."

Wodini kulikuwa na mtu anagombana na simu, na harufu ya chai ya maziwa.

"Ningekuwa na kalamu," mama akasema, "ningeujaza huo mstari sasa hivi. Nikuone umefungwa moja kwa moja, nikapumzike."

"Najua."

"Na wewe ukirudi kupasuliwa tena, mimi nitakuwepo? Umeweka hilo kwenye hesabu zako?"

Hilo sikuliweka. Hata mara moja. Nilitaka kugeuka nimtazame lakini nilikuwa nimeshazoea kutojipinda, nikabaki naangalia ukuta.

"Akiifunga," nikasema, "sitamlaumu. Wala wewe."

"Na akiiacha?"

"Nitaitunza. Nitainama kwa hesabu."

Alishusha pumzi. Kiganja chake kikakaa mahali pale kwenye alama, bila kuisugua, kizito na chenye joto, kwa muda ambao safari hii sikuuhesabu. Kisha akachukua lile joho la hospitali, lile la kufungwa nyuma kwa kamba, akanivisha mabegani. Akafunga kamba ya juu, fundo mara mbili. Akafunga ya kati. Ya chini akaishika, nikasikia anaikunja kidoleni. Halafu akaiachia ining'inie, wino usije ukafutika.